Majani ya Mwalimu Mwaka wa Ukame

Sie tuliokulia Temeke enzi zile, uwanja wa nyumba kwetu ulikuwa mchanga. Unaufagia asubuhi kwa fagio la chelewa, unachezea rede na kombolela mpaka magoti yanabadilika rangi, basi. Mtaa mzima nyumba yenye majani mbele ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yetu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katokea Singida, kwenye jua lisilo na mzaha. Ule ukoka aliuleta kidogo kidogo kwenye kiroba, akaupanda mwenyewe kwa mkono. "Kwetu majani ni ya ng'ombe," alikuwa akisema. "Hapa nataka yawe ya wanangu." Jirani yetu Bi Shufaa, mama wa Kiarabu, mumewe ndiye mwenye duka la pembeni, akimwona kainama na mkasi hakumwachia. "Mwalimu, leo unayanyoa au unayasuka?" Baba anacheka, anaendelea kukata.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, vuli haikunyesha. Ukifungua bomba linakohoa hewa tu, halafu kimya. Maji tukawa tunachota kisimani kwa Bi Shufaa, dumu kichwani, shingo inaingia mabegani. Na mwaka huohuo dada yetu mkubwa, Da' Neema, alikuwa anaolewa. Baba alishawaahidi wakwe kwamba sendofu, sherehe ya kumuaga binti, itafanyika nyumbani, juu ya majani yake. Kadi zimeshagawiwa, na majani yanageuka rangi ya chapati.

Ndipo Baba akatoa amri: hakuna tone kumwagwa bure. Maji ya kuoshea mchele, kwenye majani. Maji ya kusuuzia nguo, kwenye majani. Na sie watoto tuoge hapohapo nje, mie na kigauni changu, mdogo wangu Baraka na kaptula yake, kila mtu kwenye kipande chake. Akafunga kamba kuonyesha mipaka. Asubuhi kabla ya shule tunatoka na ndoo, tunatetemeka, wapita njia wanatupungia mkono. Mama alikuwa akipiga kelele toka jikoni, "Sugua na miguu! Majani nayo yanataka kula!"

Pamoja na yote hayo, maji ya watoto wawili yangefika wapi? Wiki mbili kabla ya sendofu Baba alikaa kizingitini, kashika kidevu. Da' Neema akaja akachuchumaa karibu yake.

"Baba, mie hata kwenye mchanga naolewa."

"Najua, mama," Baba akajibu. Akainuka, akaingia ndani.

Bi Shufaa alikuwa anaanika kanga zake upande wa pili, akasikia. Kesho yake asubuhi tukaamshwa na kelele. Kutoka nje, tunakuta foleni ya watoto wa mtaa mzima, kila mmoja na kopo lake la maji, na Bi Shufaa mbele kasimama kama hakimu.

"Shikamoo, Bi Shufaa," Mama alisema, macho yamemtoka.

"Marahaba. Hawa wote wanaoga kwenu mpaka harusi. Mwalimu, wapangie vipande."

Jamani, tulioga! Watoto kumi na kitu, mapovu yanaruka, mmoja anamwagia mwenzake, sabuni inapotelea kwenye ukoka tunaitafuta kwa vidole vya miguu. Jumamosi kina mama nao walihamisha mabeseni yao ya kufulia, wakafua wakiimba, maji ya kusuuza yakienda kwenye majani. Siku ya tisa hivi, Baba alitoka akainama, akaita nyumba nzima tukaangalie. Chipukizi za kijani zilikuwa zinatoka.

Kasoro kipande kimoja. Pale kwa Baraka palibaki pakavu kau, rangi ya mkate. Mama alipaangalia, akamwangalia Baraka, akamvuta sikio akachungulia nyuma yake. Kumbe siku zote mtoto alikuwa analowanisha uso tu! Baba akacheka mpaka akashika ukuta. "Majani hayajui kumfichia mtu," alisema. Baraka akaogeshwa na Bi Shufaa mwenyewe, kwa dodoki, mbele ya hadhara.

Siku ya sendofu wakwe walifika na viatu vyao vinang'aa. Baba, ndani ya suti yake pekee, akawapokea getini. "Karibuni. Naomba mvue viatu, mkanyage." Wazee wakatazamana, kisha wakavua mmoja baada ya mwingine. Kochi la maharusi likawekwa juu ya kile kipande cha Baraka, na hakuna mgeni aliyejua. Da' Neema alicheza peku, gauni kalishika mkononi, na Bi Shufaa akamzunguka akipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Baba hakucheza. Alisimama tu pembeni akitazama miguu ya watu, anatabasamu kama mtoto.

Siku hizi nakaa Mbezi Beach, na mwaka huu mvua zimegoma tena. Kila nyumba ina ukuta wake na ukame wake. Mmoja analetewa boza la maji, namjua kwa honi ya boza, jina lake sijui. Jirani wa kulia yeye kang'oa majani yote mbele ya ukuta wake katandika ya plastiki, na asubuhi msichana wake wa kazi anayapiga ufagio. Binti yangu kayapenda. Anatoka getini kwangu, simu mkononi, anajipiga picha na yale majani, anarudi.

"Mama, si na sie tuweke ya hivyo? Yale hayafi."

Ni kweli, hayafi. Miezi yote hii yako kijani mpaka yanameremeta, na sijaona hata siku moja mtu amekaa juu yake.