Yunisi Anarudishwa Nyumbani

Mwalimu Tulinagwe alifundisha darasa la kwanza huko Ibaba kwa miaka kumi na tisa, na kila mwaka baridi ya Juni ilipoanza kuuma alijua mafua yako njiani. Watoto themanini walibanana kwenye madawati ishirini. Mmoja akipiga chafya Jumatatu, Ijumaa nusu ya darasa inakohoa. Ndiyo maana alitundika mlangoni kidumu cha maji na kipande cha sabuni, akawafundisha kukoholea kwenye kiwiko. Mwenye homa hakukaa darasani. Alirudi kwao mpaka apone.

Julai ya mwaka 2004 ilikuwa zamu ya Yunisi, msichana wa miaka saba, macho mekundu, kamasi zinamtiririka.

"Nenda nyumbani, mwanangu. Mwambie mama upumzike."

Yunisi aliondoka analia, maana shule aliipenda.

Mama yake, Nesta, alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Tulinagwe alijua. Jumapili iliyotangulia alikwenda kumwona mtoto, akampelekea mzazi sukari na sabuni. Lakini asubuhi ile, akiwa na watoto themanini mbele yake, jambo hilo halikumjia akilini.

Nyumba ya Nesta ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Kwa baridi ile, Yunisi alilala ubavuni mwa mama, kichanga katikati yao. Siku ya tano mtoto alikataa kunyonya, mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi. Baba yake, Asajile, alimfunga ndani ya koti lake, wakashika njia ya hospitali kwa miguu. Hawakufika. Mtoto alikata roho kifuani mwa baba yake, Nesta akiwa nyuma hatua chache, bado anahimiza waende haraka.

Msibani Tulinagwe aliketi na wanawake kwenye mikeka. Yunisi alimsogelea, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nilikuwa nakohoa kwenye kiwiko. Kila mara."

Tulinagwe alimkumbatia. Baadaye alipiga magoti mbele ya Nesta.

"Mama Yunisi, mimi ndiye niliyemrudisha."

"Ungemweka wapi, Mwalimu?" Nesta alijibu, macho yakiwa chini. "Alikuwa anaumwa. Ila ungenitumia hata neno moja. Ningemlaza kwa bibi yake."

Tangu wiki ile hakuna mtoto mgonjwa aliyerudi kwao peke yake. Tulinagwe aliwapeleka mwenyewe wakati wa mapumziko, na mwalimu mkuu alipolalamika kwamba anachelewa vipindi, kesho yake alikwenda tena. Akifika mlangoni aliuliza kwanza, "Humu kuna kichanga? Kuna mzee?" Kisha alieleza: mgonjwa alale mbali, dirisha lifunguliwe mchana, mikono ioshwe kabla ya kumshika mtoto.

Mwaka uliofuata Nesta alijifungua tena, mtoto wa kike mwenye afya. Wenzake Yunisi walishinda na wadogo zao mgongoni. Yeye hakumgusa mdogo wake. Alisimama kizingitini, akimwangalia kwa mbali.

"Si kosa lako, Yunisi," Tulinagwe alimwambia kila alipopita pale. "Kosa lilikuwa langu."

"Ndiyo, Mwalimu," aliitikia kwa adabu, wala hakusogea.