Leseni ya Kabatini

Gu Malsun ameuza kimchi, kabichi ya kuchachua yenye pilipili, na vitoweo sokoni Daegu tangu binti yake Yunju ananyonya, na hakuna mteja aliyewahi kumkuta amekosa la kusema. Lakini asubuhi ile ya mapumziko ya siku tatu, akiwa ameketi kando ya mumewe kwenye barabara ya pwani kuelekea Gangneung, alikuwa kimya kama mgeni.

Alikuwa anamchunguza. Tak Chunbok, dereva wa lori mstaafu, alibadilika tangu baridi iishe. Alipishana na jirani mlangoni bila salamu. Chai aliimimina kando ya kikombe. Mume wa Yunju alipokuja kusalimia, alimdhania fundi, akamwambia bomba bovu liko jikoni. Baba yake Chunbok alianza hivyohivyo, akaishia kumuuliza mkewe mwenyewe kama ameolewa. Malsun ndiye aliyemwosha na kumlisha mzee yule hadi mwisho, kwa hiyo alijua kinachokuja, na roho ilikuwa mkononi.

Walipofika Yeongdeok, Chunbok aliipita njia ya kuingia kwenye migahawa ya kaa, ambako hawajawahi kuacha kula.

"Baba Yunju, mbona umepitiliza?"

"Nimeamua tu. Kaa wa mwaka huu hawana nyama."

"Umewaonja wapi?"

"Mwanamke, niache niendeshe."

Malsun akajaribu njia nyingine. "Hivi, siku ya harusi yetu mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha, na kaka yako akapiga mwereka kwenye matope na suti ya kuazima. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Jibu halikumtuliza. Hata baba mkwe wake marehemu aliyakumbuka ya zamani, ya leo ndiyo yaliyompotea.

Karibu na Uljin walisimama kujinyoosha. Malsun alikwenda kununua ngisi wakavu, na aliporudi alikuta kiti cha dereva kitupu. Chunbok alikuwa ndani ya gari la tatu kutoka lao, jeupe vilevile, mkanda amefunga, mikono kwenye usukani. Kiti cha nyuma alikuwako bibi kizee asiyemjua, anamenya yai la kuchemsha.

"Mama Yunju, umechelewa," Chunbok alikuwa akisema. "Hebu nipe yai hilo."

"Hata mwanangu wa kumzaa haniamrishi hivyo!" bibi akafoka. "Wewe mzee umetokea wapi?"

Malsun hakucheka. Alimtoa mumewe, akainama kuomba radhi, kisha akaketi kwenye ukingo wa maegesho na kulia mbele za watu, ngisi mapajani.

"Niambie ukweli, Baba Yunju. Umeanza kusahau kama baba, sivyo?"

Chunbok akaduwaa. "Kusahau nini?"

"Umeingia gari la watu!"

"Si yote meupe? Mimi naona ukungu tu, mama." Akakaa chini polepole, akavitazama viatu vyake. "Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishaniambia nikapasuliwe. Nikaona nikisema mtaninyang'anya funguo. Na mimi bila usukani ni nani?"

"Macho?"

"Macho."

"Kichwa kizima?"

"Kichwa kimefanya nini tena?"

Malsun alicheka mpaka akashika mbavu. Ule mzigo aliokuwa akilala nao na kuamka nao ulimdondoka palepale, akahisi anaweza hata kuruka. "Kumbe macho tu! Jamani, macho tu!"

"Mimi naingia upofu, wewe unachekelea?"

Ndipo akili ikamrudia. Akanyanyua ngisi na kumtandika nao mgongoni. "Kwa hiyo umeniendesha tangu alfajiri huoni? Lete funguo!"

Leseni alikuwa nayo. Aliipata ujanani, akawa anaihuisha kila muda wake unapokwisha, ila usukani haugusi. Wanawake wa rika lake wengi wanazo kama hizo, na watu huziita leseni za kabatini. Ya Malsun ilitoka kabatini tu pale benki walipotaka kitambulisho, ikabaki mkobani.

Alitoka maegesho kwa mwendo wa konokono, mabega yamefika masikioni. Foleni ikajipanga nyuma. Kijana mmoja akawapita akipiga honi, akachungulia dirishani.

"Mama, nenda nyumbani ukapike wali!"

Chunbok akatoa kichwa nje. "Alishapika kabla hatujatoka! Na mchuzi pia!" Akarudi ndani akiwa amechangamka. "Kanyaga kidogo, mama. Usiogope. Mimi nasikiliza injini."

"Sikiliza kimya kimya."

Wakaingia kwenye miamba ya Samcheok, pale ambapo watu husafiri kutwa nzima ili tu waitazame bahari.

"Ikoje leo?" akauliza Chunbok. "Upande wangu ni weupe mtupu."

"Usinisumbue, naendesha."

Wakaipita yote hivyo, mmoja haoni, mwingine hathubutu kugeuza shingo. Malsun hakujali hata chembe. Bahari ingekuwepo mwakani, na Baba Yunju angekuja kuiona, akimjua vizuri mwanamke aliyeketi naye.