Uzi wa Kobe

Kama kuna mtu aliyezaliwa kuhesabu, basi ni Dozi. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake siku ile ile alipopata kazi kwenye duka la dawa, likamganda mpaka mama yake mzazi akaacha kumwita lile la kwenye cheti. Kazi yenyewe ilikuwa kumwaga vidonge kwenye trei, kuvisukuma vitano vitano kwa kijiko bapa, kuvitia kwenye bahasha. Miaka sita, hajawahi kukosea hata kidonge kimoja. Ukitaka kujua ngazi za kwao ni ngapi, anazo kichwani. Vigae vya sakafu, anavyo. Mtu wa hivyo usimletee habari za kukadiria, mtakosana.

Shangazi mtu yeye alikuwa mwingine kabisa. Alishona sare za shule maisha yake yote, sasa amestaafu, anakaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya mchomeleaji, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Kila binti wa ukoo akikaribia kuolewa, Shangazi alimtungia mkufu wa shanga wa nyuzi tano. Hakutumwa na mtu. Aliamua mwenyewe tu, na nani angethubutu kubishana naye? Alikuwa amekwisha kutunga minne: mmoja wake mwenyewe, mitatu ya binamu zake Dozi. Wa tano ulikuwa wa Dozi, na ndoa ilikuwa Jumamosi.

Jumatano mchana Dozi alipita pale akitoka zamu ya asubuhi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Vua viatu. Tena tazama unapokanyaga, shanga ziko chini."

Zilikuwa chini kweli, nyeupe na za kahawia, mpaka uvunguni mwa kabati. Mezani palikuwa na ile sahani ya bati iliyotandikwa kitambaa kizito, ambacho kazi yake ni kuzizuia shanga zisikimbie, lakini sahani ilikuwa imepinduka. Shangazi alikaa dirishani, mkono wa kulia ameuficha chini ya mtandio. Dozi akauvuta mtandio pole pole. Mkono ulikuwa unatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza umbea," akasema Shangazi. Kisha akashusha pumzi. "Mwezi sasa. Sindano haioni tundu tena, mwanangu."

Nyuzi nne zilikuwa zimelala mezani tayari, kila mmoja na urefu wake. Wa katikati haukuwepo.

"Mbona umeruka wa tatu?"

"Huo huwa nautunga mwisho."

"Kwa nini?"

"Dozi, mgonjwa akikuuliza kwa nini vidonge viwili kutwa mara tatu, unamjibu?"

"Namjibu."

"Basi mimi sikujibu."

Hapo lazima nikuambie kwa nini Dozi aliishiwa nguvu, maana si kwamba alikosa kitu cha kuvaa shingoni. Baba yake alikuwa mdogo wake Shangazi. Alifariki Dozi akiwa na miaka miwili, akamwachia picha moja ya kitambulisho, ya mtu anayetazama mbele kana kwamba ameamriwa asipumue. Mama akiulizwa alikuwa mtu wa namna gani, husema, "Mimi nilikaa naye miaka minne tu, muulize shangazi yako." Shangazi akiulizwa, huinuka kwenda kubandika chai. Na sasa kati ya ndugu watano wa tumbo moja, baba yake akiwemo, alibaki Shangazi peke yake. Jumamosi watu wa mama wangejaa ukumbi, watu wa bwana harusi wangejaa ukumbi, na mahali pa wazee wa upande wa baba yake Dozi angekaa bibi mmoja mwenye mkono unaotetemeka. Mkufu ule ndio ungesema kwamba Dozi naye alikuwa na baba. Aliutaka mno, ila alikuwa hajamwambia mtu.

"Nitautunga mimi," akasema.

Shangazi akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Shanga si vidonge, mama."

"Ni vidonge vyenye tundu. Nenda kajinyooshe kidogo, uniachie."

Akaenda, huku akinung'unika. Dozi akaziokota shanga zote, hata za uvunguni. Akatungua msumarini mkufu wa Shangazi mwenyewe, ule wa kwanza kabisa, akaulaza mezani mbele yake, akatoa kwenye mkoba trei yake ya dukani. Ndiyo, alikuwa anatembea nayo. Usimcheke. Akahesabu uzi wa tatu tano tano, akaurudia kinyumenyume: mia mbili arobaini na saba. Akaandika kwenye kikaratasi, nyeupe ngapi, kahawia ngapi, kijani ngapi, na zipi zinafuata zipi. Akapaka uzi nta, akaanza.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera. Mahali fulani kwenye uzi ule, katikati ya nyeupe na kahawia zilizopangika vizuri, palikuwa na shanga moja nyekundu, kubwa kidogo kuliko wenzake. Moja tu. Haina mwenzake mbele wala nyuma. Akatazama zile nyuzi nyingine nne: nyekundu hamna, ila pale pale zilipokutana na ile nyekundu kila uzi ulikuwa na kishanga cha kioo kinachopitisha mwanga. Hicho akakiona pambo. Nyekundu akaiona kosa. Macho ya Shangazi yalichoka siku hiyo, akajisemea, akaweka nyeupe. Hesabu ikatimia mia mbili arobaini na saba, akafunga fundo akiwa amefurahi kwelikweli.

Jua lilikuwa bado halijatua alipomwamsha.

Shangazi akaketi, akafumba macho, akaushika ule uzi kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Akaanza kuupitisha vidoleni shanga moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Dozi aliujua mnong'ono ule tangu utotoni. Siku zote alidhani ni dua. Lakini siku zote alikuwa mbali, akiosha vyombo au akicheza, na leo alikuwa amepiga magoti pale pale miguuni pake, akasikia maneno yenyewe.

"Mlango. Ukuta, ukuta, ukuta. Mlango. Ukuta, ukuta. Michongoma, michongoma. Mlango. Kwa kinyozi, pinda. Pinda. Pinda. Ukuta. Mlango..."

Kikatulia kidole. Kikarudi nyuma. Kikaenda mbele tena.

"Yuko wapi?" akauliza Shangazi.

"Nani?"

"Baba yako. Umempeleka wapi?"

Jambo la kwanza alilowaza Dozi, nakuapia, ni la kidukani: dawa gani Shangazi amekunywa leo na amekunywa ngapi. Akamshika goti. "Shangazi, baba alishafariki."

"Ala! Nani asiyejua? Mimi si ndiye niliyemfumba macho?" Akafumbua yake. "Nakuuliza nyekundu yangu iko wapi."

"Nilidhani... nilidhani ulikosea."

"Nikosee mikufu minne, mahali pale pale?"

Dozi, anayehesabu hata vigae, mikufu ya binamu zake alikuwa ameiona harusini kwa macho yake na hilo hakulihesabu.

Safari hii Shangazi hakuinuka kwenda kubandika chai. Aliutandaza mkufu wa zamani mapajani, akamshika Dozi kidole cha shahada kama anayemfundisha kuandika, akakiweka kwenye shanga ya kwanza.

"Hapa ni mlangoni kwetu. Nyeupe ni milango, kahawia ni kuta, kijani ni michongoma ya yule bwana aliyekuwa anatufukuza. Tulikuwa watano tukienda shule, mstari mmoja, tumeshikana mikono. Dada mkubwa huku ndani karibu na ukuta, kisha mimi, kisha Kobe, kisha wale wawili wakorofi huku nje."

"Kobe?"

"Baba yako. Nani alimwita jina lake? Kobe, mpaka walimu."

Akakisogeza kidole. "Hapa kwa kinyozi njia inapinda. Mtu wa ndani anapiga hatua chache, mtu wa nje anapiga nyingi, katikati anapiga za katikati. Ndiyo maana nyuzi hazilingani. Lakini zote zimetoka mlango mmoja, na zote zinaingia geti la shule pamoja. Mama alikuwa anasimama pale nje anapiga kelele, mfike pamoja! Mfike pamoja!"

Dozi alikuwa amezijumlisha nyuzi zile, amezigawanya, ametafuta kwa nini wa nje umezidi wa ndani kwa shanga thelathini na moja wala si thelathini, na mwanamke huyu hajawahi kuhesabu hata moja. Alikuwa anatembea tu. Mtaa wenyewe ulishabomolewa kabla Dozi hajazaliwa, barabara pana imepita juu yake, hakuna mlango wala ukuta uliobaki. Na hii hapa milango yote, na kuta zote, na michongoma, iko mapajani mwa Shangazi inameremeta, na mikufu mingine mitatu inatembea mjini kwenye shingo za binamu zake nao hawana habari. Lo! Aliogopa hata kuigusa.

"Na nyekundu?" akauliza, sauti imekuwa ndogo.

Shangazi akakisogeza kidole cha Dozi mpaka juu yake. "Hapa palikuwa na fundi redio. Dirishani ameweka redio iliyofunguliwa mgongo, ina kitaa kidogo chekundu kinachowaka. Kila asubuhi, Kobe akifika hapa, breki. Humwondoi. Anaweka paji la uso kwenye kioo anahesabu vile vidude vya ndani."

"Anahesabu?"

"Anahesabu! Kumi na tisa, anasema. Kesho yake kumi na nane, anataka kugonga mlango amuulize fundi kimoja kimekwenda wapi. Sisi tumesimama, kengele ya shule inalia, viboko vinatungoja. Nilitamani kumnyonga." Mkono wa kulia ukatoka chini ya mtandio, ukatetemeka hewani, ukatua kichwani kwa Dozi. "Siku uliponiambia umepata kazi ya kuhesabu vidonge nilikucheka sana mbele yako. Ulipoondoka nililia siku nzima. Hata kuinamisha kichwa vile juu ya trei, ni yeye."

Dozi akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto, na hakuona haya. Miaka ishirini na saba alikuwa akimtafuta baba yake kwenye picha ya kitambulisho, kumbe alikuwa naye kila siku kwenye ncha ya kijiko bapa.

"Vile vya kioo?" akauliza baadaye, akijifuta kwa kiganja.

"Hivyo ni sisi. Vinaitwa mngojee. Kila mmoja wetu amesimama hapo anamngojea."

Alhamisi Dozi aliomba ruhusa kazini. Alikata fundo lake zuri, shanga zikarudi kwenye sahani, akaanza upya. Trei ilibaki mkobani, kikaratasi akakichana. Shangazi alitembea kwa mdomo, yeye akamfuata kwa sindano: mlango, ukuta, ukuta, pinda. Alikosea mara mbili, akarudishwa nyumbani akaanze safari tena. "Mtu hazaliwi njiani," Shangazi akafoka, "rudi mlangoni!" Walipofika kwa fundi redio, Dozi akaitia ile nyekundu, kisha akaacha kutunga. Akakaa tu, sindano mkononi, anaitazama. Karakana ya jirani ilikuwa inagonga vyuma. Shangazi hakumharakisha, na huyo ni mtu asiyeweza kungoja hata maji yachemke.

Jioni walifunga nyuzi zote tano kwenye vipande viwili vya ngozi, kila kimoja kimetobolewa matundu matano. Dozi akauvaa mbele ya kioo cha kabati. Nyuzi zikalala kifuani zimeshikana, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Hakujua wamefika shanga ngapi mara hii. Mpaka leo hajui, na ukimfahamu Dozi utaelewa hilo ni jambo la kutisha.

Jumamosi gari lilingoja barabarani na watu wa bwana harusi walikuwa hawajifichi kwamba wanatazama saa. Dozi akatoka, gauni limeshikwa nyuma na binamu zake, na kwenye ngazi ya katikati, mbele ya watu wote wale, akasimama. Kidole kilikuwa juu ya ile nyekundu. Kichwa ameinamisha kidogo, midomo inacheza, anahesabu sijui nini.

"Bibi harusi, twende bwana, tumechelewa!" akapaza sauti mjomba mmoja wa upande ule.

Shangazi alikuwa amekwisha kufika garini. Akageuka, akamwona yule msichana alivyosimama, na mkono wake uliotetemeka akaunyoosha mbele ya wote kuwazuia.

"Mngojeeni," akasema.