Jiko la Kuni Mbili

Kaka yangu anaishi Mbeya na anajua kila kitu. Kazi yake ni kuzunguka vijijini kufundisha watu kupika kwa kuni chache, na kwa kazi hiyo amepewa gari linalobugia mafuta. Juu ya bati la nyumba yake ameweka paneli mbili za sola, chini ya mparachichi mkubwa. Siku moja nilimuuliza kwa nini asikate japo matawi mawili zipate jua. Alinitazama kwa huruma, akaniambia mti ni mazingira. Basi jua linaivisha maparachichi, na taa za sebuleni zinafifia kabla taarifa ya habari haijaisha. Nyuma ya nyumba, mgeni asikofika, mke wake anapikia mkaa.

Mimi ni mwalimu, nakaa Iringa mjini. Maharage yangu nayaloweka usiku, asubuhi nayachemsha kidogo, kisha naiingiza sufuria kwenye kapu nililolijaza blanketi kuukuu, nafunika, naenda zangu kazini. Nikirudi mchana yameiva, na mkaa sijaugusa tena. Sijamwitia mtu semina kwa ajili hiyo.

Nasema haya ijulikane mapema: kaka yangu nilimdharau. Tena nilimdharau kwa raha, kama mtu anayejikuna upele.

Mwaka ule, mavuno yalipokwisha, alikuja nyumbani kwetu Kalenga na fundi, matofali na bomba la bati. Mama alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, na jiko lake la mafiga lilikuwa ndani ya kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Nilikuwepo yalipong'olewa mafiga, mawe matatu yaliyokuwa pale tangu mama aolewe. Fundi aliyaviringisha kwa mguu hadi nje kwenye migomba.

"Mama, hii jiko ni kuni mbili tu," kaka alisema. "Moshi yote inatoka nje na bomba."

Jiko lilipokamilika alimwambia mama avae kitenge kipya, achuchumae mlangoni mwa jiko ameshika kuni mbili, moja kila mkono. Akapiga picha. Akarudia. Akamwambia atabasamu.

"Mbona sijawasha?" mama aliuliza.

"Haina shida, mama. Ni ya ripoti."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Lakini lazima niseme ukweli, ingawa unanikera hadi leo: jiko lilifanya kazi. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku tatu ulifika wiki. Kikohozi kikapungua, na mama akaacha kulala ameegemea ukuta. Mama yangu alikuwa anapumua vizuri, nami nimenuna, kwa sababu aliyemponya ni yule.

Sasa, juu ya yale mafiga kulikuwa na mti uliopita kutoka ukuta hadi ukuta, mweusi kwa masizi. Hapo ndipo mama alipotundika mahindi ya mbegu, mawilimawili, yamefungwa kwa maganda yake. Yalikuwa mahindi ya asili, meupe, ya punje pana, aliyopewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Kila mavuno alichagua mahindi bora na kuyatundika kwenye moshi, na dumuzi, wale wadudu wa ghalani, hawakuyagusa. Wengi kijijini walishahamia mbegu za pakiti. Wachache waliobaki walikula ya kwao yote, na msimu ukikaribia walikuja kwa mama na beseni. Alijivunia hilo kuliko watoto wake wote wawili.

Wiki chache baada ya jiko jipya alinipigia simu. Nilikuwa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari.

"Mwanangu, hii mahindi ya mbegu sasa nitatundika wapi? Huku juu hakuna moshi tena."

Jibu nililijua. Angeweza kuyapukuchua akayachanganya na majivu. Angeweza kuyatundika kwa jirani, ambaye bado alikuwa na mafiga. Ningeweza kwenda mwenyewe Jumamosi tukashughulika pamoja. Nikamwambia, "Muulize mtaalamu wako, mama. Si ndiye anayejua?"

Akacheka kidogo. "Haya, mwanangu."

Walimu wenzangu walicheka pia, nami nikairudia ile sentensi ili walioikosa waisikie.

Alimuuliza kweli. Kaka alimjibu kwamba mbegu siku hizi ni za dukani. Kwa jirani hakwenda. Namjua mama yangu: kutundika mbegu zake kwenye jiko la mwenzake kungekuwa kutangaza kwamba wanawe wamemharibia la kwake. Akayatundika palepale kwenye mti, juu ya jiko lisilotoa moshi.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda kumsaidia kupanda. Tuliyashusha pamoja. Nilivua ganda la kwanza, unga ukanimwagikia mkononi, na gunzi likabaki na matundu matupu. La pili hivyohivyo. Tuliyavua yote, mama akiyaweka pembeni moja baada ya jingine. Hatukupata punje hata moja ya kuweka shimoni. Moyo uliniuma, na hapohapo, Mungu anisamehe, nilianza kupanga maneno nitakayompigia nayo simu yule bwana wa Mbeya.

Kabla sijayamaliza, jirani aliingia uani na beseni lake.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene," mama akaitikia, akamsogezea kigoda. "Mwaka huu nimewaangusha, mwenzangu. Nilisahau kuyatunza. Uzee huu."

Jirani aliyatazama magunzi, akatazama bomba la bati lililotokeza ukutani. Nilifungua kinywa nimtaje mtaalamu. Yeye akawahi kunigeukia.

"Na huyu mwalimu hakukukumbusha?"

"Huyu yuko mbali," mama alisema upesi. "Ana kazi nyingi huko."

Jirani aliguna, akalifunika beseni lake chini na kulikalia, akiacha kigoda. Kutoka Kalenga hadi Iringa mjini, yeye mwenyewe hutembea kwa miguu na nyanya kichwani, na saa nne asubuhi huwa ameshamaliza kuziuza.