Baiskeli ya Mama Aliyekataa Kupimwa

Spas Karadzhov alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha mbao juu ya mji wa Smolyan, na sifa yake ilienea milima yote ile: akikutengenezea kitu hakivunjiki, ila utaona aibu kukionyesha kwa wageni. Lango la kanisa alilitengeneza yeye. Padri alimshukuru mbele ya waumini wote, kisha wiki iyo hiyo akapanda maua ya kutambaa ili yalifunike.

Mwaka huo theluji ilipoyeyuka, maji yaliichukua barabara ya kwenda kwenye mizinga ya nyuki ya mama yake, Mama Stoyna. Mizinga ilikuwa ishirini, kilomita sita juu ya kijiji, na sasa kilichobaki ni kijia cha mbuzi. Gari halikupita. Magoti ya Mama Stoyna, yenye miaka sabini na mmoja kama yeye mwenyewe, hayakuweza tena kutembea mwendo huo, ingawa daktari alisema kupiga pedali kutayafaa.

Emilia, dada yake Spas, alipiga simu kutoka mjini Plovdiv.

"Mama, sikukuu ya Mtakatifu Petro nakuja. Ukiweza kufika kwenye mizinga kwa nguvu zako, sawa, kaa huko na wadudu wako. Ukishindwa, mizinga tunamuuzia jirani yako Krum, nawe unakuja kuishi kwetu."

Emilia alikaa ghorofa ya tisa na mume aliyepiga pasi soksi. Mama Stoyna aliwahi kulala huko siku nne, akarudi amekonda.

"Spas," alisema alipokata simu, "nitengenezee baiskeli, ama uninunulie kamba ya kujinyongea. Angalia ipi rahisi."

Baiskeli ya milimani dukani iliuzwa leva elfu mbili. Spas alikuwa na mia mbili. Basi akaanza kuokoteza. Fremu aliipata kwa mwenye nyumba ya wageni. Iliachwa na Mcheki mmoja aliyegongana na msonobari, na msonobari ukashinda. Uma wa mbele aliubadilisha kwa chupa tatu za rakia, pombe kali ya matunda. Breki alizinunua, kwa kuwa hata yeye aliona haifai kubahatisha roho ya mama. Ikabaki kuikata na kuichomelea fremu ilingane na mwili wa mpandaji, na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

"Mama, simama hapo nikupime mguu."

"Unipime nini?"

"Mguu. Kwa ndani, kutoka juu hadi kisigino."

"Spas, ni mimi niliyekuzaa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona unataka kunizika?"

Katika milima ile wazee hawapimwi. Zamani waashi walikipima kivuli cha mpita njia kwa uzi, wakauzika uzi ule ndani ya msingi wa daraja. Daraja likasimama miaka mia tano, na mwenye kivuli akafa kabla ya siku arobaini kwisha. Mama Stoyna alikana kuyaamini mambo hayo. Lakini maishani mwake hakuwahi kushonewa nguo na fundi.

"Hii ni baiskeli, mama. Haina msingi."

"Kila unachotengeneza wewe ni msingi. Siku ya kiyama tutafufuka tulikute lile lango lako limesimama, baya vilevile. Weka chini hiyo futi."

Spas aliiweka chini. Kesho yake akapita uani, akaikuta suruali ya ndani ya sufu ya mama yake kwenye kamba, ndefu, ile ya kuvaa wakati wa baridi. Akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, akaipima, akaandika namba kiganjani. Siku tatu alikata na kuchomelea. Aliinua kiti, akarefusha bomba, akaongeza chuma pale palipoonekana dhaifu, na pale pasipoonekana dhaifu pia.

Mama Stoyna aliizunguka mara mbili.

"Huyu ni nani?"

"Nani, mama?"

"Huyu unayemtengenezea baiskeli. Kiti kiko kifuani kwangu. Una mama mwingine, askari wa gwaride?"

Spas akakiri. Mama yake alicheka hadi akakaa juu ya ndoo.

"Uliipima ikiwa imelowa! Sufu ikilowa inavutika kama mdomo wa mjomba wako. Mwanamume wa miaka arobaini na minne anapima chupi za mama yake, na bado anakosea!"

"Sasa nifanyeje? Hutaki kupimwa!"

Akajifuta machozi. "Usinipime mimi. Pima chuma. Nipandishe, uone miguu inaishia wapi, ukate."

Spas akamshika kiunoni, akamwinua, akamkalisha juu, miguu ikining'inia. Akatia alama ya chaki kwenye bomba, akamshusha, akakata. Akampandisha tena. Mara tatu walifanya hivyo, naye kila mara alitoa amri kutoka juu kama askofu. Fremu ikatoka na mafundo ya kuchomelea makubwa kama viazi. Lakini miguu ilifika.

Siku ya Mtakatifu Petro Emilia alikuja na viatu vyeupe. Krum, jirani aliyeitamani mizinga ile miaka kumi, alikuja na farasi wake. Mama Stoyna akatangulia, sketi ameifunga kwa pini za nguo, nao watatu wakafuata. Kilomita tano alipiga pedali, polepole, akitukana kila jiwe kwa jina lake. Spas alitembea nyuma, akiyasikiliza maungio.

Mwinuko wa mwisho ulikuwa kama paa la nyumba. Mama Stoyna alishuka, akasukuma.

"Ameshuka!" Emilia alipiga kelele. "Spas, umeona? Kusukuma si kupanda!"

"Ulisema kwa nguvu zangu," mama alijibu akihema. "Hizi unazoziona ni za nani, za padri?"

"Bwana Krum, wewe sema. Mizinga ni yako akishindwa."

Krum alikuwa tayari ameshika hatamu mkononi, viatu vyake vimejaa vumbi. Aliitazama mizinga juu pale, akatema mate kando.

"Niseme nini, Emilia? Hata mimi hapa hushuka kwenye farasi."

Mama Stoyna alifika juu, akaiegemeza baiskeli kwenye mzinga wa kwanza, akafunua kifuniko.

"Emilia, usisogee na hayo manukato, watakuuma. Vua viatu, chukua kopo la moshi, usimame kule. Na wewe Spas, kiti hiki kimeniua makalio. Kirekebishe leo leo. Kesho narudi."