Sikungoja Bi Ashatu Amalize

Asubuhi tuliyofika Winde, hakuwika hata jogoo mmoja.

Mimi nikafurahi. Jamani, nilifurahi!

Ulikuwa mwaka 1889. Mama yangu alikuwa ametoka kwenye homa ya mwezi mzima, na mganga alitaka apunge upepo wa bahari siku saba, mahali patulivu. Kwetu Bagamoyo mjini kulikuwa na bahari, utulivu hakuna.

Tulianzia Kaole. Sikupapenda hata kidogo. Mikoko imeziba maji, tope hadi magotini, mbu wa kutosha, na majirani wanapiga soga tangu alfajiri. Siku ya pili nikasema, "Mama, tunahama."

Winde palikuwa tofauti. Mchanga mweupe, kisima cha maji baridi, na kimya. Binamu ya Mama, Bi Ashatu, alitupokea mlangoni akiwa amevaa kama mtu wa safari.

"Shikamoo, bibi. Habari za hapa?"

"Marahaba, mwanangu Mardhiya. Njema, lakini..."

"Alhamdulillah! Mama, umesikia? Keti upumzike."

Mnatujua watu wa pwani. Hata nyumba ikiungua, tutajibu njema kwanza. Habari yenyewe huja baada ya hapo, na mwenye adabu huingoja. Mimi na mdomo wangu sikungoja.

Kila asubuhi nilimwuliza, na kila asubuhi nilimkatiza.

Milango ya majirani ilikuwa imefungwa kwa nje. Nyavu hazikuanikwa. Chumbani kwa Bi Ashatu vyungu vilikuwa vimefungwa ndani ya shuka. Nikajisemea, bibi huyu anapenda usafi.

Siku ya nne Mama alitembea mwenyewe hadi majini. Nililia kwa furaha.

"Winde imeishinda Kaole," nikatangaza. "Tunaongeza siku saba!"

Bi Ashatu aliacha kukuna nazi. Akatazama baharini, kisha akanitazama.

"Karibuni sana," akasema.

Siku ya sita, jua limeshatoka, meli nyeusi ilisimama mbele ya kijiji ikifuka moshi. Mzinga ukalia. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ikaruka.

Naona haya kusema hili: nilikimbia peke yangu.

Nilipogeuka kule vichakani, nilimwona Bi Ashatu anakuja na Mama mgongoni. Alimshusha taratibu, kisha akaanguka. Ubavu wake ulikuwa umeloa damu.

Jirani yake, Mzee Hija, alikuwa amejificha pale na wenzake. Alinitazama kwa hasira.

"Sote tulihama tuliposikia manowari ya Wajerumani inakuja. Mlipobisha hodi, yeye alikuwa anajitwika mzigo wake. Mgonjwa angemtishaje? Na mgeni angemfukuzaje?"

Nikapiga magoti. Nikauliza lile la kila siku.

"Bi Ashatu, habari?"

"Njema," akanong'ona.

Safari hii nikangoja. Nilingoja hadi Mama akamfumba macho.

Mama bado yu hai, na huniuliza mbona siku hizi nimekuwa mkimya. Nanyi mkimwuliza mtu habari, tafadhali, mwacheni amalize.