Sehemu ya Familia

Siki ikimwagwa juu ya chipsi za moto hutoa mvuke unaokupanda puani na kukutoa machozi kabla hujajua unalilia nini. Mwezi uliopita mvuke huo ulinikuta Riyadh, mtaa wa Murabba, nyuma ya ofisi ninayofanyia kazi, kwenye mkahawa mmoja uliojifanya baa ya Kiingereza. Mbao nyeusi ukutani, viti virefu vya ngozi, mabomba ya shaba ya kumiminia bia, na bia yenyewe hakuna. Ukivuta bomba inatoka maji ya shayiri yenye ladha ya tufaha. Mwenzangu wa ofisini, binti wa Nakuru asiyekosa la kusema, alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi niliagiza samaki na chipsi, nikamwaga siki, na hasira zangu za utotoni zikarudi zote, mbichi kabisa.

Mtanivumilia. Kisa hiki sijajua bado kukisimulia kwa upole.

Nilizaliwa Jeddah, mtaa wa Ghulail, ambako nyumba zimebanana na kila kona kuna duka la Mwafrika mwenzako anayeuza kitu cha kwao. Ungeweza kununua unga wa sima kwa Msomali, bamia kavu kwa Mhausa na kanga kwa mama mmoja wa Lamu, yote kabla hujafika barabara kubwa. Baba alikuwa dereva wa lori la samaki wa barafu. Aliwapakia bandarini Jeddah, akawapeleka Riyadh kwenye maghala ya karibu na Batha, akarudi ananuka lori zima. Mama alikaa nyumbani akipika kaimati na mahamri ambayo majirani walikuja kununua mlangoni. Mtoto nilikuwa mimi peke yangu, Rukia, na nilikuwa na mdomo.

Siku za Alhamisi, Baba akiwa mjini, alinichukua kwenda kula kwa Mwingereza. Mwingereza mwenyewe alikuwa Myemeni mwenye kitambi, aliyeishi Uingereza miaka mingi akikaanga chipsi, kisha akaja Jeddah kufungua duka kama la huko. Kila mteja aliambiwa hivyo, atake asitake. Samaki wake alikuwa mrefu kuliko mkono wangu, amevikwa unga unaovunjika ukiuma, na chipsi zake nene kama kidole gumba cha Baba. Vyote vilifungwa kwenye karatasi nyeupe iliyolowa mafuta, na bei yake hata dereva aliimudu. Waliokaa mle ndani ni wanaume tu, lakini mtoto mdogo hakuna aliyemjali. Nilipenda samaki, ndiyo, ila nilimpenda zaidi Baba wa mle dukani. Nyumbani alikuwa mkimya. Kwa Mwingereza alikula akisimulia, akaniigizia askari wa mizani ya barabarani, na madereva wenzake waliolala huku macho wazi, mpaka nikapaliwa na soda.

Kasoro ilikuwa moja: Mama hakuja hata siku moja. Mwanzoni nilielewa, maana hapakuwa na mahali pa wanawake. Kisha Mwingereza akapanua duka. Akafungua mlango wa pili wa ubavuni, akajenga vyumba vidogo vya mbao vyenye mapazia, na juu ya mlango akatundika bango jipya. Kiarabu nilikuwa nimeshajua kukisoma. Bango lilisema: Sehemu ya Familia.

Basi mimi nikaona mambo yamekwisha. Sisi si familia? Nikaanza kudai, na nilipodai kitu mimi sikuwa na mapumziko. Mama akasema samaki wa barafu hana utamu. Siku nyingine akasema kichwa kinamuuma. Siku nyingine mafuta ya hotelini yanamchoma kifua. Baba yeye alikuwa na neno moja, "wiki ijayo", na wiki ijayo ilipofika alikuwa Riyadh. Rafiki yangu Hodan, mtoto wa Kisomali wa ghorofa ya chini, alikwenda na wazazi wake, akarudi kunisimulia rangi ya mapazia. Ilinikera mpaka usingizi ukaniruka. Nikaamua kwamba Baba ni bahili na Mama ni mshamba, na kwamba Mungu alinionea kunipa wote wawili.

Mwaka ule nikafunga Ramadhani yangu ya kwanza nzima, bila kuiba hata tonge. Siku ya Idi nyumba ilijaa wageni, watu wa pwani waliokuwa Jeddah, na Baba, kwa kunionea fahari, akaniuliza mbele yao wote nataka zawadi gani. Ujinga wake mwenyewe.

"Nataka twende kwa Mwingereza sote watatu," nikasema. "Tukae sehemu ya familia."

 Mgeni mmoja akaangalia biriani yake kama ameona nywele ndani. Baba akamwangalia Mama, na Mama akakunjakunja ncha ya leso yake kwa muda, kisha akasema, "Haya. Mtoto amefunga, apewe."

Tukaenda na gari Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri. Nilivaa nguo ya Idi. Mama alivaa baibui lake zuri na akajitia udi, na nilipomwona anatazama huku na huku kabla ya kuingia nilidhani anaona haya kwa kuwa hajazoea hoteli. Chumba chetu kilikuwa na pazia la rangi ya damu ya mzee, kama alivyosema Hodan, na meza ilinata kidogo. Mimi nilikaa katikati. Baba upande huu, Mama upande huu. Sijui niwaambie vipi nilivyojisikia. Nilitaka pazia liachwe wazi ili watu watuone.

Samaki wakaja, mmoja kwa kila mtu. Mama akafunua uso, akanusa siki, akakunja pua.

"Baba Rukia, hawana ndimu hawa? Samaki gani huyu asiyekamuliwa ndimu?"

Baba akacheka. Alikuwa amestarehe sasa, hata mabega yalikuwa yameshuka. Hakuwa mtu wa kutumatuma wahudumu, akainuka mwenyewe kwenda kaunta, ambayo ilikuwa upande wa wanaume, ukipita kwenye mwanya wa mbao. Nikatoa kichwa kwenye pazia ili nimwone. Nilimwona akipewa ndimu. Nilimwona akishukuru. Kisha mlango wa wanaume ukafunguliwa, wakaingia askari polisi wawili.

Baba hakurudi. Alisimama pale kidogo, halafu akatembea pole pole kwenye meza ya wanaume, akakaa akitugeuzia mgongo, akajivutia kikombe cha chai ambacho mtu mwingine alikuwa amekiacha.

"Baba!" nikamwita. "Ndimu!"

Hakugeuka. Nilidhani hakusikia, kwa kelele za mafuta.

"Baba! Chipsi zinapoa!"

Mama alinivuta mkono mpaka bega likalia. "Nyamaza," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na nilipomtazama uso ulikuwa umeshafunikwa. Lakini askari mmoja, kijana mwenye mashavu, alikuwa amekiona kichwa changu. Akatabasamu. Akamgeukia mtu wa karibu naye, ambaye ni Baba, akamuuliza kwa Kiarabu, "Binti yako huyo, ewe haji?"

Kiarabu changu kilikuwa sawa na Kiswahili changu. Ningetamani kingekuwa kibovu.

"La," Baba akasema. "Niko peke yangu."

Askari walikuwa wamekuja kununua chipsi. Mnanisikia? Chipsi tu. Walibishana na Mwingereza kama watie pilipili au wasitie, wakachukua mifuko yao, wakamtania kitambi chake, wakaondoka. Punde Baba naye akainuka, akatoka kwa mlango uleule wa wanaume, akatupita kama anavyopita mtu asiyetujua.

Mama hakuwa ameonja hata kipande. Alifunga samaki wote watatu kwenye karatasi, akakaa kidogo, akanishika mkono, tukatoka kwa mlango wa ubavuni. Gari halikuwapo tulipoliacha. Tulilikuta kona ya pili, mbele ya fundi wa matairi. Baba akafungua kiganja, akampa Mama ile ndimu. Ilikuwa imepondeka, maji yote yamemwishia mkononi. 

"Mimi si wako," nikamwambia Baba. "Umesema mwenyewe."

"Yalla, kaa vizuri," akasema, akawasha gari.

Nyumbani Mama alipasha samaki kwenye kikaango. Mimi niligoma kula. Yeye alikula wake, kisha akala wangu pia, akikamulia yale mabaki ya ndimu, akasema taratibu, "Mtamu." Nikazidi kuwaka. Kumbe alikuwa anampenda samaki yule! Miezi yote ile ya kifua na kichwa, kumbe alikuwa anamtaka kama mimi!

Alhamisi za Mwingereza zikaishia hapo. Baba alinialika tena nikamwambia halas, sitaki, na yeye hakubembeleza. Mwaka mmoja baadaye mimi na Mama tulirudi Mombasa kuishi Likoni kwa bibi, Baba akabaki na lori lake akituma matumizi, akaja kujiunga nasi nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa. Nilimpa heshima zote za mzazi. Nilimpokea mfuko, nilimwamkia, nilimtilia maji ya kunawa. Lakini nilikuwa na lile neno lake, na kila aliponisifu mbele ya watu nilijisemea moyoni: leo ndiyo nimekuwa wako?

Nilipopata kazi hii ya Riyadh, siku Mama ananipigia pasi nguo za safari, ndipo aliposema, bila kuacha kupiga pasi, "Wewe una bahati. Unakwenda na ikama yako, kibali chako mwenyewe cha kuishi kule." Nikamuuliza yeye alikwenda na ya nani. Akanitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi. Hakuwa nayo. Alikwenda Umra na kundi la wanawake, viza ikaisha, akabaki, kama walivyobaki wengi wa Ghulail. Ndoa yao ilifungwa sebuleni kwa mtu, mbele ya shehe na mashahidi, halali kabisa kwa Mungu, na serikali haikuwa na habari nayo. Wala habari zangu mimi haikuwa nazo. Ndiyo maana nilisomea ndani ya nyumba ya mwalimu, na si shule yenye kengele.

Wageni wote wa siku ile ya Idi walijua. Asiyejua nilikuwa mimi.

"Tulikubaliana tangu sijakuzaa," Mama akasema. "Akikamatwa mmoja, mwingine hamjui. Mimi wangenirudisha nyumbani na wewe. Yeye akionekana ana mke asiye na makaratasi, anaingia ndani, na kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini, hamtetei. Sote watatu tungekuwa mikononi mwa watu. Lazima abaki mmoja nje wa kukuhangaikia." Akageuza nguo upande wa pili. "Na wewe ukataka tukakae chini ya bango."

Mtadhani hapo hasira ziliniisha. Hazikuisha, zilikosa pa kwenda tu. Niwakasirikie wao kwa kutoniambia? Mimi na mdomo wangu, Hodan angejua kabla ya magharibi. Nimkasirikie yule askari mwenye mashavu? Alikuwa na njaa. Na hapa Riyadh siku hizi hata hayo mapazia hayapo. Wanaume na wanawake wanaingia mlango mmoja, wasichana wanacheka kwa sauti meza ya katikati, na ukimuuliza mhudumu kijana sehemu ya familia iko wapi anakuonyesha mkahawa mzima. Wameyaondoa, na hakuna aliyekuja kwetu kusema, samahani, kumbe iliwezekana.

Likizo iliyopita nilikaa na Baba barazani. Amezeeka, na masikio yamekuwa mazito. Ukimwambia chai tayari unarudia mpaka jirani anaitika. Hatukuwahi kuizungumza siku ile. Nikamwambia, bila kupaza sauti, kwa kuwa nusu yangu nilitaka asinisikie, "Baba, kwa Mwingereza siku ile, nilikuita. Ukajifanya husikii."

Hakuniambia nirudie. Aliangalia mikono yake, akaikunja, akaikunjua.

"Nilikusikia," akasema. "Na hukuniita mara moja tu, uliniita mara mbili."